Regulata ya kipima maji: namna ya kuichagua kabla ya kupanda mnarani

Kipima maji kinachotuma SMS kina tabia moja inayowachosha wanaojifunza. Mezani kinafanya kazi vizuri. Kikishapandishwa kwenye mnara wa simtanki, kinajizima kila kinapotaka kutuma ujumbe. Taa ya modemu inawaka mara moja mbili, inazimika, inaanza upya. Mwenye nacho anakesha akichokonoa programu, anabadilisha laini, analaumu mtandao. Mara nyingi tatizo liko kwenye kile kibao kidogo kinachokaa kati ya betri na modemu, kilichonunuliwa kwa sababu tu muuzaji alisema kinatoa ampea 3.

Mwongozo huu ni wa kuchagua hicho kibao, yaani regulata ya kuswichi, kwa mradi wa mtu wa kawaida. Nimeshika mradi mmoja ili hesabu ziwe na pa kusimamia: kipima kiwango cha maji kwa nyumba ya Kijenge Juu, Arusha. Ndani yake kuna maikrokontrola ya ATmega328P (ile ile iliyo kwenye Arduino Uno na Nano), kihisi kinachopima umbali wa maji kwa mwangwi, modemu ya SIM800L, betri ya asidi ya volti 12 yenye ampea-saa 7, na paneli ndogo ya sola. Kwa nini sola, wakati nyumba ina umeme? Kwa sababu soketi iko ndani na tanki liko juu ya mnara, na kuvuta waya wa volti 230 hadi kwenye maji ni kujitafutia balaa. Halafu siku umeme unapokatika ndiyo siku pampu haisukumi, na ndiyo siku unayotaka hasa kujua tanki limebaki na nini.

Anayetengeneza kitu kingine, tuseme kifuatiliaji cha bodaboda au taa za banda la kuku, abadilishe namba tu. Njia ni hii hii.

Hatua ya 1: Andika mzigo kabla ya kwenda dukani

Chukua karatasi. Kwa kila kifaa andika vitu vitatu: volti kinazokubali, mkondo wa juu kabisa kinaoweza kuuvuta hata kwa sekunde chache, na mkondo kinaovuta kikiwa kimelala. Watu wengi huandika cha kwanza, hukisia cha pili, na cha tatu hawakikumbuki kabisa. Regulata huchaguliwa kwa hicho cha pili na cha tatu.

SIM800L ndiyo bwana mkubwa wa mradi huu. Inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, hivyo volti 5 zinaiua na volti 3.3 haziitoshi. Ikituma, haivuti mkondo kwa utulivu: inavuta kwa mapigo. Mtandao wa GSM huipa kila simu kipande chake cha muda, maikrosekunde 577 hivi katika kila milisekunde 4.6, na ndani ya kipande hicho modemu inaweza kuvuta hadi ampea 2. Mita ya kawaida haiwezi kuliona pigo hilo. Itakuonyesha wastani, robo ampea au zaidi kidogo, nawe utadhani regulata ya ampea 1 inatosha na kubaki. Pigo linapofika volti zinashuka chini ya 3.4, modemu inajizima, nawe unarudi kwenye programu.

ATmega328P haina makuu. Kwa kasi ya megahezi 16 inahitaji karibu volti 3.8 na kuendelea, na inakula miliampea kumi na kitu. Hapa kuna nafuu inayopitwa na wengi: ukiweka njia moja tu ya volti 4.0, modemu na maikrokontrola zote mbili zinaishi humo kihalali. Kihisi nacho kinaweza kuingia ukichagua toleo linalokubali volti 3 hadi 5.5, yapo matoleo ya zamani yanayotaka 5 kamili, kwa hiyo soma kabla ya kulipa. Njia moja ya umeme maana yake ni regulata moja, na kila regulata unayoiondoa ni kitu kimoja pungufu cha kuharibika juu ya mnara. Kumbuka tu kwamba pini za mawasiliano za SIM800L ni za volti 2.8, hivyo waya unaotoka kwenye maikrokontrola kwenda kwenye modemu upitie rezista mbili za kugawa volti.

Karatasi yetu sasa inasomeka hivi: volti 4.0, mapigo ya ampea 2, na usingizini miliampea 1 hadi 2 kwa vyote, mradi umetumia chipu yenyewe. Ukitumia kibao kizima cha Nano, taa yake na chipu yake ya USB vinakunywa miliampea kadhaa hata ukiilaza.

Hatua ya 2: Kijue chanzo kikiwa katika hali mbaya

"Betri ya volti 12" ni jina tu. Ikiwa imeisha iko karibu na 10.5, ikichajiwa inapanda hadi 14.4 au zaidi. Paneli inayoitwa ya volti 12, isipokuwa na mzigo, inatoa volti 21 au 22. Kawaida chaji kontrola inakaa katikati na regulata yako haikutani na paneli. Lakini chaji kontrola nyingi za bei nafuu, waya wa betri ukilegea au fyuzi ikiungua, huziachia volti za paneli zipite hadi upande wa mzigo. Kwa hiyo regulata yetu lazima ivumilie 22 bila kulalamika, na ibaki na nafasi juu yake.

Wenye mradi wa pikipiki wana shida kubwa zaidi. Mfumo wa kuchaji wa pikipiki unacheza kwenye volti 14 hivi injini ikizunguka, lakini swichi, honi na betri iliyochoka hurusha miiba ya makumi ya volti. Hapo usiweke regulata yenye kikomo cha volti 28 ikiwa uchi. Weka ile ya volti 40, weka fyuzi mbele yake, na weka dayodi ya TVS ya kukata miiba, isiyo na undugu wowote na pikipiki za jina hilo.

Hatua ya 3: Hakikisha unaihitaji kweli

Regulata ya kawaida, kama LM317, inapunguza volti kwa kugeuza ziada kuwa joto. Tufanye hesabu. Kutoka 12 hadi 4 ni volti 8 za kuchoma. Kwa wastani wa robo ampea hiyo ni wati 2 za joto, kwa ajili ya wati 1 tu inayofanya kazi. Bila bati la kupoza, LM317 hupanda takribani digrii 50 au zaidi kwa kila wati, maana yake digrii 100 juu ya joto la hewa. Kikomo chake ni digrii 125. Na mapigo ya ampea 2 yanapita ampea 1.5 inazoahidi. Kwa mradi huu imekataliwa, tena kwa sababu mbili.

Sisemi regulata za kawaida hazina kazi. Kama ungekuwa na maikrokontrola peke yake, bila modemu, inayolala muda mwingi na kuamka kusoma joto la udongo wa kahawa, HT7333 ingeishinda regulata yoyote ya kuswichi kwa ukimya na kwa kutokula umeme: yenyewe hutumia maikroampea chache tu. Inatoa miliampea 250 na haitaki zaidi ya volti 12 mlangoni, kwa hiyo betri ya asidi inayochajiwa si mwenzake. Betri ya lithiamu ndiyo.

Na hapo hapo, jibu ambalo halimpendezi muuzaji: ukiwa na seli ya lithiamu ya 18650 badala ya betri ya asidi, SIM800L haihitaji regulata yoyote. Seli hiyo inatembea kati ya volti 3.0 na 4.2, na modemu imeundwa kuishi na betri ya namna hiyo. Unaiunga moja kwa moja kwa waya mfupi mnene, unaweka kinga ya kuzuia seli isiishe kupita kiasi, basi. Tatizo la seli za 18650 ni kupata za kweli. Zimejaa seli zilizotolewa kwenye laptopu mbovu na kuvishwa plastiki mpya, na ile inayoandikwa miliampea-saa 9,900 ni hadithi. Betri ya asidi ya ampea-saa 7, ya aina ya king'ora au UPS, inapatikana mjini bila shida na unaijua uzito wake mkononi. Kwa hiyo tunaendelea nayo.

Mwenye umeme wa uhakika karibu ataniuliza: kwa nini nisichukue chaja ya simu ya volti 5 nikaunga dayodi moja kubwa ili ibaki 4.2? Inafanya kazi, kwa kiasi. Modemu ikiwa imelala dayodi inapunguza kidogo tu, volti zinapanda kugusa 4.5, na hapo umevuka kikomo wakati ambao huangalii.

Hatua ya 4: Chagua chipu, si kibao

Regulata ya kuswichi haichomi ziada. Ndani yake transista inafungua na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde, koili inahifadhi nishati transista inapofunguliwa kupitisha umeme na kuitoa inapofungwa, kapasita inalainisha kinachotoka. Sehemu ya muda ambao transista iko wazi ni takribani volti za kutoka kugawanya volti za kuingia: kwa 4 kutoka 12 ni theluthi moja. Ufanisi wa asilimia 80 ni makadirio ya kawaida. Ile wati 1 ya modemu sasa inagharimu wati 1.25 kwenye betri badala ya 3.

Vibao vitatu ndivyo utakavyokutana navyo zaidi, iwe umenunua Arusha mjini, umeagiza Kariakoo au umeletewa kutoka Luthuli Avenue ya Nairobi kwa basi la Namanga.

LM2596 ndiyo ya wote. Inapokea hadi volti 40, inatoa hadi ampea 3, inaswichi kwa kilohezi 150. Ni kibao kikubwa kidogo, chenye kapasita mbili za mviringo na koili iliyoandikwa 330 au 470, yaani maikrohenri 33 au 47. Soma pia maandishi ya kapasita ya mlangoni: chipu inaweza kuvumilia volti 40, lakini kapasita iliyoandikwa 35V haitavumilia, na kikomo cha kibao ni cha kile kilicho dhaifu zaidi ndani yake.

MP1584 ni kidogo kama ukucha wa dole gumba. Volti 4.5 hadi 28 kuingia, ampea 3 kwa jina. Kwa sababu ya udogo haipoi vizuri, hivyo mimi naihesabu kuwa ya ampea 1 hadi 1.5 mfululizo; mapigo mafupi ya ampea 2 inayaweza.

Ya tatu ni ndogo kuliko zote, yenye chipu ya MP2307, inayoishia volti 23. Kumbuka paneli yetu ya 22. Nafasi ya volti 1 si nafasi, iache.

Kuna na MT3608, ambayo watu huinunua kwa kuchanganya. Hiyo inapandisha volti, haishushi. Inafaa mwenye seli ya volti 3.7 anayetaka 5. Ukiitumia, jua kwamba mkondo unaoingia ni mkubwa kuliko unaotoka: nusu ampea kwa volti 5 ni wati 2.5, na kutoka kwenye seli iliyoshuka hadi 3.3, kwa ufanisi wa asilimia 85, unavuta karibu ampea 0.9.

Hatua ya 5: Hesabu usingizi

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Watu hushindana kuhusu ufanisi, asilimia 80 kwa 90, wakati kipima maji kinatuma SMS mara chache kwa siku na saa zinazobaki kimelala. Cha kuangalia ni regulata inakula nini ikiwa haina kazi.

LM2596 yenyewe inakula miliampea 5 hivi. Vibao vingi vina taa ndogo inayowaka muda wote, kwa hiyo tuseme 8 kwa jumla. Mara saa 24 ni miliampea-saa 192 kwa siku, kabla modemu haijala hata tone. Betri ya asidi usiimalize zaidi ya nusu kama unataka ikae, hivyo una miliampea-saa 3,500 za kutumia. Gawanya: siku 18, kisha betri imefikia nusu yake kwa kulisha regulata na taa yake tu.

MP1584 isiyo na mzigo inakula karibu miliampea 0.1. Mzigo wetu uliolala, miliampea 1 au 2 kwa volti 4, unakuwa chini ya miliampea 1 upande wa betri. Kwa siku ni kama miliampea-saa 20 hivi. Betri ile ile inakaa miezi.

Kwa nani hili ni muhimu? Kwa anayeishi chini ya Mlima Meru. Kijenge jua si la kuhesabia kila siku: masika kuanzia Machi hadi Mei, halafu Juni na Julai wingu linakaa juu ya mji na watu wanavaa makoti mchana. Paneli ya wati 5 wakati huo inatoa sehemu ndogo tu ya jina lake, na regulata yenye ulafi inaweza kula yote. Kwa mradi wa tanki, basi, nachukua MP1584. Kwa pikipiki ningechukua LM2596, kwa sababu huko shida ni miiba ya volti, na injini inachaji betri kila siku ya kazi.

Aliyekwisha kununua LM2596 asiitupe. Ang'oe taa, apate nafuu ya miliampea mbili tatu. Chipu pia ina pini ya kuizima, pini ya 5, na ikizimwa inashuka hadi maikroampea 80 hivi. Lakini ukizima regulata unazima na maikrokontrola, kwa hiyo utahitaji HT7333 au mwenzake wa kuilisha pembeni, na mradi unaanza kuota matawi.

Hatua ya 6: Kagua kabla hujalipa, kagua tena nyumbani

LM2596 za bandia ni nyingi. Maandishi ya chipu yanaweza kuwa safi kabisa, hata jina la National Semiconductor, kampuni iliyonunuliwa na Texas Instruments mwaka 2011. Nyingi za bandia huswichi karibu na kilohezi 50 badala ya 150. Je, ina madhara? Kwa volti 4 kutoka 12 na koili ya maikrohenri 33, mkondo wa koili unapanda na kushuka kwa ampea 0.54 ukiwa na kilohezi 150. Kwa kilohezi 50 ni mara tatu: ampea 1.6. Koili ile ile, iliyochaguliwa kwa chipu ya kweli, sasa inachemka na volti zinazotoka zinatetemeka zaidi. Itafanya kazi, ndiyo, lakini zile ampea 3 sahau.

Osiloskopu inaumbua bandia mara moja. Si kitu cha nyumbani, lakini mwenye ndugu anayesoma umeme pale Chuo cha Ufundi Arusha, au Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru, anajua wa kumwomba. Asiye na ndugu atumie redio yenye bendi ya AM. Washa regulata ikiwa na mzigo, sogeza redio karibu nayo, zungusha taratibu kuanzia 530 kupanda juu. Utasikia mlio au muungurumo katika vituo fulani. Milio hiyo ni mafungu ya masafa ya kuswichi: ikitokea kila baada ya kilohezi 150 hivi, chipu inasema kweli, ikirudi kila baada ya 50, umeuziwa bandia. Redio yenye namba za kidijiti inarahisisha. Kwa MP1584 njia hii haisaidii sana, kwa sababu masafa yake hupangwa na rezista ya kibao.

Hatua ya 7: Iweke volti ikiwa peke yake, kisha itese

Usiunge modemu bado. Unga betri upande wa kuingia, mita upande wa kutoka, zungusha skrubu hadi usome 4.0. Kwenye vibao vya LM2596 skrubu hiyo ni ya mizunguko mingi, na kibao kipya mara nyingi kinatoa volti zote za betri. Unaweza kuzungusha mara kumi bila kuona badiliko, kisha ghafla zinaanza kushuka. Usikate tamaa, na usiilazimishe ikigota.

Skrubu ya MP1584 ni tete zaidi, nusu mzunguko na imepita. Kitu kinachotikisika mnarani kwa upepo na joto kisitegemee skrubu kama hiyo: mguso wake ukipotea, regulata inaweza kudhani volti ni chache na kuzipandisha hadi modemu iungue. Mwenye mkono mtulivu wa kulehemu aing'oe, aweke rezista mbili za kudumu. MP1584 hulinganisha na volti 0.8, hivyo kilo-omu 120 juu na 30 chini zinatoa 4.0 kamili. LM2596 hulinganisha na 1.23, kilo-omu 2.2 juu na 1 chini zinatoa 3.94, na inatosha.

Sasa mateso. Nenda duka la spea za magari, nunua balbu mbili za breki za volti 12, wati 21. Balbu moja ya aina hiyo ukiipa volti 4 inavuta karibu ampea 1, ikiwaka wekundu hafifu. Mbili pamoja ni ampea 2, sawa na pigo la modemu, ila hili ni la mfululizo. Unga moja, iache dakika kumi, soma volti. Zikibaki kati ya 3.9 na 4.0, vizuri. Gusa chipu na koili kwa kidole: usipoweza kukiacha kwa sekunde mbili, joto limefika digrii 60 au zaidi. Kisha ongeza balbu ya pili kwa sekunde chache tu. Hapa huhitaji regulata ivumilie siku nzima. Unataka kuona volti hazianguki chini ya 3.7. Balbu ikiwa baridi inavuta zaidi wakati wa kuwaka, kwa hiyo regulata inayokwama mwanzoni ijaribu mara ya pili kabla ya kuihukumu.

Nilishaona kibao kinachopita jaribio la balbu moja na kuanguka hadi volti 2 kwa ya pili. Mezani hilo linaonekana kwa dakika moja. Mnarani lingekuwa "mtandao mbovu".

Hatua ya 8: Waya fupi, kapasita karibu

Jaribio moja zaidi, na hili ndilo linalotenganisha mradi wa mezani na wa mnarani. Balbu mbili zikiwaka, pima volti kwenye regulata, kisha pima mwisho wa waya, pale modemu itakapokaa. Zile nyaya nyembamba za rangirangi za kuchomeka zina upinzani mdogo, pamoja na vishikizo vyake tuseme omu 0.1 kwa kila moja. Kwenda na kurudi ni 0.2, kwa ampea 2 unapoteza volti 0.4. Volti 4.0 zimekuwa 3.6, na vishikizo vikipata kutu kidogo kwa unyevu wa tanki umefika 3.4. Lehemu waya mnene usiozidi urefu wa kidole.

Weka kapasita ya maikrofaradi 1000, volti 10 au 16, mguuni pa modemu. Lakini usiitarajie ibebe pigo peke yake, kama wengi wanavyoshauriana. Ampea 2 kwa maikrosekunde 577 zingeshusha volti za kapasita hiyo kwa zaidi ya 1 kama regulata isingesaidia. Kazi yake ni kuziba mwanzo wa pigo wakati regulata inajipanga. Regulata dhaifu yenye kapasita kubwa ni regulata dhaifu.

Waya wa hasi wa modemu uende moja kwa moja kwenye regulata, usipitie kwa maikrokontrola. Kihisi na waya wake vikae mbali na koili na antena, la sivyo utasoma tanki likijaa na kupungua lenyewe kila SMS inapotoka.

Hatua ya 9: Sanduku na fyuzi

Sanduku la plastiki juani lina joto kuliko hewa ya nje, na kapasita za mviringo hazipendi joto: kila nyuzi 10 zinazoongezeka huukata umri wao takribani nusu. Kwenye gamba lake imeandikwa 85°C au 105°C. Chagua 105, na sanduku lifungwe upande wa kivuli wa mnara, tundu la waya likitazama chini ili mvua isifuate waya ndani.

Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Watu huiweka karibu na regulata, kisha waya unachubuliwa na ukingo wa chuma katikati ya njia, na betri ya asidi inaweza kuusukumia makumi ya ampea bila kizuizi. Kwa mradi huu pigo la ampea 2 kwa volti 4 ni wati 8. Kwa ufanisi wa asilimia 80 ni wati 10, yaani chini kidogo ya ampea 1 kutoka kwenye betri. Fyuzi ya ampea 2 inatosha, na nyingine ya akiba ifungwe kwa utepe ndani ya mfuniko.